Kondoo wa Kwanza wa Mama Sindano

Jina lake alilopewa na wazazi lilikuwa limebaki kwenye kitambulisho tu. Mtaani, kuanzia wazee mpaka watoto waliokuwa wakijifunza kutembea, wote walimwita Mama Sindano. Alikuwa muuguzi wa chumba cha chanjo katika zahanati iliyo mwisho wa barabara yao, na kwa miaka aliyofanya kazi pale ni wachache sana wa mtaa ule ambao mkono au paja lao halikupita mbele yake. Mkono wake ulikuwa mwepesi. Akina mama walisema mtoto huanza kulia sindano ikiwa imeshatoka. Lakini mtoto hana habari na wepesi wa mkono. Anachojua ni nani aliyemchoma. Basi kila alipopita njiani na mkoba wake, watoto walijibanza nyuma ya sketi za mama zao, na aliyegoma kunywa uji alitishwa kwa jina lake: "Haya, ngoja nimwite Mama Sindano."

Mbele za watu alicheka. Akifika nyumbani alimwambia mumewe, "Kazi gani hii, ukiifanya vizuri unaogopwa."

Mumewe, fundi saa mwenye masihara, akamjibu bila kuinua macho kwenye saa aliyoifungua, "Afadhali hao watoto, watakua waache. Mimi nimekua na bado nakuogopa."

Yule mume alifariki mwaka mmoja kabla mkewe hajastaafu. Mtoto wao alikuwa mmoja tu, kijana mrefu aliyekuwa fundi wa nguzo za umeme, naye alikuwa ameoa na kupanga chumba upande mwingine wa mji. Mama Sindano akabaki peke yake katika nyumba ya vyumba viwili na sebule. Asubuhi aliamka saa ileile ya kazini, akaoga, akavaa, kisha akakaa kitandani akijiuliza amevaa aende wapi.

Hakukaa hivyo muda mrefu. Kijana wake alipelekwa kutandaza nyaya mbali sana, mahali ambapo mafundi walilala kwenye mahema na wake zao hawakuruhusiwa. Siku moja akagonga mlango wa mama yake, mkewe akiwa nyuma yake na begi moja na kiroba kikubwa ambacho kilionekana chepesi kuliko ukubwa wake.

"Mama, nimekuja kukuachia mke wangu."

"Unaniachia kama mzigo wa stendi?"

"Nakuachia mkae pamoja. Asikae peke yake kule." Kisha akashusha sauti. "Mama, mimba mbili zimemharibikia. Naomba umwangalie. Ila usimuulize, hapendi kuulizwa."

Hivyo ndivyo wanawake wawili wasiojuana vizuri walivyojikuta wakila meza moja. Walikuwa na adabu mno. Kila mmoja aliwahi kuamka ili afagie kabla ya mwenzake, mpaka uwanja ukafagiwa gizani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umeamkaje?"

"Salama, mama."

Baada ya hapo ilisikika sauti ya kijiko kikikoroga chai, basi. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu alijipa jembe mwenyewe tangu alipoingia: aliosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa, akapiga pasi mpaka vitambaa vya kushikia sufuria. Mama Sindano, aliyezoea kuongea tangu asubuhi mpaka jioni, hakujua amwambie nini mtu ambaye haumwi wala halii. Akampigia simu mwanawe.

"Mkeo ana ulimi?"

"Anao, mama. Mpe muda."

"Muda ninao tele, nimestaafu. Nilichokosa ni maneno."

Mchana, kazi zikiisha, mkamwana aliingia chumbani kwake na kufunga mlango. Ndipo Mama Sindano alipoanza kusikia kitu ukutani. Ni sauti ndogo, kavu, ya harakaharaka: chk, chk, chk, chk. Inanyamaza kidogo, inaanza tena. Siku ya kwanza akadhani ni masikio yake. Baadaye akawa na hakika kwamba ni panya, tena si mmoja. Akaenda dukani kununua mtego.

"Panya wa mchana?" mwenye duka akashangaa. "Huyo hana haya kabisa."

Akautega kwa kipande cha mkate, akagonga mlango wa mkamwana akiwa ameushika mbele yake kama mtu aliyebeba chakula cha moto. Mlango ukafunguliwa.

Hakukuwa na panya. Juu ya kitanda palikuwa na sinia, na juu ya sinia kipande kinene cha sponji. Kile kiroba kilikuwa wazi, na ndani yake mlijaa sufu ya kondoo iliyochambuliwa, nyeupe, ya kahawia na ya rangi ya majivu, laini kama moshi ulioganda. Sungura mdogo mwenye sikio moja alikuwa amelala chali. Na kulikuwa na sindano. Nyingine zilikuwa zimechomekwa kwenye sponji, na moja, ndefu, ilikuwa imelala juu ya shuka.

Muuguzi aliyestaafu ndani yake akaamka mzima mzima.

"Sindano kitandani! Nani alikufundisha kuacha sindano wazi mahali pa kulala? Na zikivunjika unazitupa wapi? Kwenye taka za jikoni, mzoa taka ajichome?"

Mkamwana alikuwa amesimama kama mwanafunzi aliyekutwa na kosa. "Kwenye kopo, mama."

"Kopo gani?"

Akalitoa chini ya kitanda. Lilikuwa kopo la maziwa ya unga, kifuniko chake kimezibwa kwa gundi ya karatasi na kutobolewa tundu jembamba la kupitishia sindano tu. Mama Sindano akalitikisa, akachungulia tundu. Yeye mwenyewe asingelitengeneza vizuri zaidi. Hasira ikaisha, akabaki amesimama na kopo mkono mmoja, mtego mkono wa pili.

Mkamwana akautazama ule mtego. "Na huo, mama, ni wa nani?"

"Wa panya."

"Panya gani?"

"Wewe."

Kisha yule binti, ambaye tangu afike hakuwa amecheka hata mara moja, akapasuka kwa kicheko mpaka akakaa kitandani. Mama Sindano naye akashindwa kujizuia. Akacheka vibaya hivi kwamba mtego ukafyatuka mkononi mwake, na kipande cha mkate kikaruka mpaka dirishani.

Walipotulia, akamwokota yule sungura. Alikuwa mgumu kiasi, mwepesi, amekamilika kama kitu kilichozaliwa hivyo. "Umemshona?"

"Hapana, mama. Hana uzi wala gundi. Sindano hii ina vijimeno vidogo pembeni, ukipapasa taratibu utavisikia. Ukidunga, vinavuta nyuzi za sufu kuzipeleka ndani, zinashikana zenyewe. Kadiri unavyodunga ndivyo anavyokaza." Kabla ya kuolewa, akaeleza, alifanya kazi kwenye duka la vitu vya watoto, na mwenye duka ndiye aliyemfundisha.

"Kwa hiyo ni kudunga tu," alisema Mama Sindano polepole, kama mtu aliyeambiwa kwamba kazi aliyostaafu imekuwa ikimsubiri chumba cha pili. "Basi hiyo naijua."

Kumbe hakuijua. Kesho yake walikaa kwenye meza ya sebuleni, karibu na dirisha penye mwanga. Mkamwana alimchagulia kondoo, kwa sababu mwili wake ni wa duara na makosa hujificha kwenye manyoya. Akamwonyesha kuikunja sufu kwa kuibana, kama mtu anayekunja soksi, kisha aiweke juu ya sponji na kuanza kudunga. Mama Sindano akashika sindano kama alivyozoea kuishika maisha yake yote, akaingiza mara moja kwa kulaza, akatoa kwa kupindua kiganja. Sindano ikasema tik, ncha ikabaki ndani ya sufu.

"Tuitafute kwanza, mama, isije ikamchoma mtu," mkamwana akasema, akaitoa kwa kibano na kuipeleka kwenye kopo.

Ya pili nayo ikakatika.

"Usiipinde, mama. Inaingia wima, inatoka wima, njia ileile. Na usizamishe mpaka chini."

"Mimi nimezoea mara moja, basi, mtoto anapewa pole anakwenda."

"Huyu si wa mara moja. Ni mara nyingi, kidogo kidogo, huku unamgeuza. Ukimdunga upande mmoja tu atakuwa bapa kama sabuni iliyotumika."

Akajitahidi. Akapunguza nguvu, akaanza kuusikia mlio uleule wa chk, chk uliomfanya anunue mtego. Akafurahi, akainua macho kumwonyesha mkamwana kwamba ameweza, na papo hapo akajidunga kidole cha shahada.

"Mama yangu wee!"

Mkamwana akaziba mdomo kwa viganja viwili.

"Cheka tu, mwanangu, usije ukapasuka. Mwosha huoshwa. Watoto wa mtaa huu wangekuwepo leo, wangepiga makofi."

Mpaka wakati wa kula, kondoo alikuwa amepata umbo la kiazi. Ubavu mmoja ulikuwa mgumu, mwingine unabonyea. Miguu ikawa kazi nyingine: kila mguu ulitakiwa kuachwa na nyuzi zisizodungwa kwenye ncha ya juu, kwa sababu hizo ndizo zitakazoushikisha mwilini. Mama Sindano alisahau kuziacha kwenye mguu mmoja, ikabidi uongezewe sufu, ukawa mrefu kuliko mingine.

"Anachechemea," alisema.

"Ametoka mbali."

"Haya, nipe nyeusi nimtie macho, angalau aone anakokwenda."

"Macho huwa mwisho, mama," mkamwana akasema, na sauti yake ikabadilika kidogo. "Ukiyaweka mapema anakutazama. Utamhurumia, utashindwa kuendelea kumdunga."

Hata Mama Sindano, kwenye chumba cha chanjo, alikuwa na desturi ya kuangalia paja la mtoto wala si uso, mpaka amalize.

Baada ya hapo ikawa ndiyo kazi ya kila mchana. Maneno yakaja bila kuitwa, kwa sababu mikono ilikuwa na shughuli na macho hayakulazimika kukutana. Mkamwana akasimulia habari za dada zake. Mama Sindano akamwigiza marehemu mumewe, alivyokuwa akiuliza saa ngapi huku amezungukwa na saa. Kondoo wa pili alifanana na kondoo, wa tatu akafanana na mbwa, nao wakakubaliana kwamba alikuwa mbwa tangu mwanzo.

Lakini Mama Sindano aliona na mengine. Aliona chai inaachwa nusu kikombe. Aliona mafuta yakichemka jikoni mkamwana anatoka nje kana kwamba ameitwa. Aliona mkono ukipumzika kiunoni. Muuguzi haambiwi mambo hayo. Kila asubuhi aliamka na swali limemjaa mdomoni, akakumbuka mwanawe alivyomwomba, akalimeza pamoja na chai.

Aliona pia kwamba dirishani wanyama wanazidi kupangwa: sungura, bata, tembo mwenye mkonga uliopinda juu, kobe, wote wadogo, wa rangi zilizopoa, wamekamilika masikio na mikia. Hakuna hata mmoja aliyekuwa na macho.

"Hawa mbona wako gizani?" akauliza siku moja, akijaribu kufanya mzaha.

"Bado, mama."

Mkamwana akaendelea kudunga. Kisha sindano yake ikapunguza mwendo, ikasimama. Akaichomeka kwenye sponji, wima, akaweka mikono mapajani.

"Mama, mara ya kwanza niliwamaliza wote mapema. Nikawatia macho, nikawapanga juu ya kabati. Mara ya pili vilevile. Halafu ikabidi niwatoe pale, niwaweke kwenye kiroba, na wote wananitazama. Safari hii nimeogopa."

Mama Sindano naye akaweka chini sindano yake. Akasogeza kiti chake mpaka magoti yao yakagusana.

"Nilijua, mwanangu."

"Tangu lini?"

"Tangu ulipoanza kugombana na chai yangu."

"Mbona hukusema?"

"Halikuwa langu la kusema. Lilikuwa lako." Akamshika mikono. Vidole vya wote wawili vilikuwa na vialama vidogo vya sindano. "Mimi nimekuwa muuguzi maisha yangu yote, sitakuahidi kitu nisichokiweza. Ila kesho tutakwenda zahanati, na kila utakapotakiwa kwenda tutakwenda wote. Benchi lile nalijua, lina ubao mmoja unaochana nguo. Nitakuonyesha."

Hapo ndipo binti alipolia, kwa sauti, kama watoto wa chumba cha chanjo. Mama Sindano hakumwambia anyamaze.

Wakaenda. Foleni ilikuwa ndefu, na ili muda upite wakachukua sufu na sponji. Mama mmoja jirani yao kwenye benchi akauliza wanafanya nini, mwingine akataka kujaribu, na kabla ya miezi kupita sana, mchana wa Jumamosi barazani kwa Mama Sindano pakawa na wanawake wanne watano na vipande vyao vya sponji. Mkamwana ndiye aliyefundisha. Sauti yake, ambayo zamani ilikuwa haifiki upande wa pili wa meza, sasa ilisikika mpaka njiani: wima, dada, wima, unamtoboa au unamkaribisha? Mama Sindano alipita nyuma ya wanafunzi na lile kopo, akikusanya sindano zilizovunjika na kuwapa moyo kwa kuwaonyesha kiazi chake chenye miguu minne.

Mimba ilikuwa imeshakuwa kubwa maumivu yalipokuja mapema. Hospitali ikamlaza mkamwana, ikasema asiinuke mpaka siku yake. Mama Sindano alikaa kando ya kitanda kila saa ya kutazama wagonjwa. Sindano kitandani ilikuwa marufuku, na sheria ilikuwa yake mwenyewe, kwa hiyo akadunga yeye, kwenye kiti, huku mkamwana akimwelekeza kutoka kwenye mto.

"Shingo, mama. Mzungushie sufu nyembamba shingoni kwanza."

"Twiga huyu ananitoa jasho. Tumkate shingo awe punda?"

"Mama, usinichekeshe, nimeambiwa nisijitikise."

Siku zingine hawakuchekeshana. Siku hizo mkamwana aligeukia ukutani, na Mama Sindano alidunga tu, chk, chk, ili mwenzake asikie kwamba kuna mtu.

Mtoto alizaliwa wiki chache kabla ya siku yake, msichana, mdogo lakini mwenye sauti ya mtu anayedai haki yake. Mama Sindano alikuwa koridoni. Alipoitwa ndani, alimpokea kwa mikono iliyowahi kushika watoto wasio na idadi, akamshika kama mtu ambaye hajawahi kubeba mtoto, mpaka nesi kijana akamwambia, "Kaa, mama, kaa kwanza." Baba mtu alifika kesho yake akiwa na vumbi la safari, akasimama mlangoni na urefu wake wote bila kujua aingie na mguu gani.

Waliporudi nyumbani, mkamwana aliomba sufu nyeusi. Alikaa juu ya kitanda na mtoto kifuani, lakini safari hii mwenyewe aliona haifai, akahamia mezani, mtoto akashikwa na bibi yake. Akaanza na sungura. Anachukua nyuzi chache sana, anazisokota kwenye vidole kuwa kitone kidogo, anadunga kidogo pale panapotakiwa. Kisha bata, kisha tembo. Alipofika kwa twiga mwenye shingo nene, akampa mama mkwe sindano.

"Huyu wako, mama. Umtie wewe."

Mama Sindano alimtia twiga macho yasiyolingana, moja juu kidogo, na akalia bila aibu.

Ilipofika siku ya chanjo, watu wa zahanati walimfanyia heshima. Nesi wa zamu pale akamwambia, "Mama, sindano hii mchome mwenyewe mjukuu wako." Mama Sindano akainua kiganja kukataa. Akatoka nje, akasimama kando ya dirisha na kuziba masikio, na wanawake waliokuwa kwenye foleni, ambao wengi wao aliwahi kuwachoma wakiwa na umri huohuo, wakamcheka mpaka wakafuta machozi.

Kazi ya nyaya ilipoisha, kijana wake alirudi moja kwa moja na habari njema: amepata vyumba vizuri karibu na ofisi yao, amekuja kumchukua mke wake na mtoto.

"Lini?" akauliza mkewe.

"Hata kesho."

"Jumamosi nina wanafunzi. Na Jumamosi inayofuata."

Kijana akamtazama mama yake amsaidie. Mama yake alikuwa akitafuta kitu muhimu sana chini ya meza.

Mwisho wa mambo aliyehamia ni kijana, kwa mama yake. Sasa ni mtu mrefu katika nyumba ndogo, na kila siku analalamika kwamba kuna sufu kwenye chai yake, kwenye soksi zake, hata kwenye ndevu zake. Wanyama wananing'inia juu ya kitanda cha mtoto, mahali ambapo mkono wake haufiki, kwa amri ya bibi, maana mtoto wa umri huo kila kitu kwake ni chakula. Lakini hana shida nao. Hajawahi kuwatazama hata dakika moja. Anachokipenda duniani ni kifuniko cha sufuria: anakisukuma sakafuni, kinabingirika, kinaanguka kwa kelele, naye anatambaa kukifuata huku akipiga ukelele wa furaha.

"Kazi yetu yote ile," alisema mkamwana jana, akimtazama, mikono imejaa sufu.

"Mwache," alisema Mama Sindano. "Sogeza mguu wako apite."